Kliniki ya Jumatano hapa Malindi, pale watoto wanapochezeshwa vikombe: nyota nne

Rivyu za Malindi zote ni pizza na aiskrimu za Wataliano na hoteli za Casuarina ambazo mie naishia getini nikishusha abiria, sa leo wacha niandike ya zahanati. Zahanati ya serikali, ya bure, ukuta umepakwa rangi mpaka kiunoni alafu fundi akapotea. Jina silitaji, sista wa pale mwenyewe alinikataza, aliniambia "usinitie mitandaoni baba, nitajaziwa watu nishindwe", na mie namheshimu. Wa mtaani kwetu mtaijua kwa ule mwarobaini ulioinamia mabati ya kliniki ya watoto. Wengine niulizeni stejini, naendesha tuktuk, nitawapeleka na bei ni ile ile.

Ninachosifia sio chanjo, chanjo kila mahali wanachoma. Nasifia kile kitu cha kuangalia kama mtoto anakua sawasawa kichwani, mikononi, masikioni, kwa maneno, sio kwa mizani peke yake. Mie nilikuwa sijui kama kuna kitu kama hicho mpaka kilinifikia nyumbani kwangu.

Binti yetu wakati ule alikuwa na mwaka na miezi minane. Anatembea, anakimbia, anapanda tuktuk mwenyewe na kushika usukani anazungusha kama mzee wa kazi. Ila kuongea hakuna. Alikuwa na "ba" moja ambayo mpaka leo hatujui ilikuwa baba, bakuli ama bahari. Mamake alianza kuwa na wasiwasi mapema sana, mie nilikuwa kwa kile chama cha "atasema tu, wacha kumuharakisha mtoto". Hawe wake, yaani nyanya yake upande wangu, akatetea kwamba hata mie nilisema nikiwa na miaka mitatu na tazama leo sinyamazi. Jirani wa ukuta mmoja akasema ni kilimi, akatwe kilimi, yuko mzee anakata. Mwengine akasema ni sisi wenyewe tumemchanganya, manake nyumbani ni Kiswahili, kwa hawe ni Kigiriama, na mamake anafanya kazi kwa nyumba ya Mtaliano anarudi na maneno yao akimbembeleza nayo mtoto. Ati kichwa kimejaa lugha zimekwama mlangoni. Na mie nikaamini hiyo, nikapiga marufuku Kitaliano nyumbani kwangu wiki nzima, mamake akinicheka.

Sa kliniki tulikuwa tunaenda, usije ukadhani hatuendi. Sio hii, nyingine, nayo siitaji. Tumekwenda sindano zote, wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua ya miezi 9, surua ya miezi 18. Ni foleni, mizani, sindano, kalamu kwa kitabu, haya mwengine. Ile ya miezi 18 mamake alimwambia nesi huyu mtoto haongei, na nesi bila kuinua kichwa akajibu "kilo zake nzuri mama, enda". Hiyo "kilo zake nzuri" imekuwa msemo kwetu. Ukivunja sahani, kilo zake nzuri. Tuktuk ikigoma kuwaka, kilo zake nzuri. Lakini siku ile mamake alirudi analia, na mie ndo kwanza nikachukua kile kitabu cha kliniki nikakaa nacho stejini nangoja abiria.

Kifungueni kitabu chenu mtazame. Kuna ukurasa wa hatua za ukuaji, mtoto wa umri gani anatarajiwa kufanya nini, kukaza shingo, kufuata kitu kwa macho, kukaa, kusimama, kutembea, kusema maneno. Kwetu ukurasa ule ulikuwa mweupe peee, kurasa za chanjo na kilo zimejaa mihuri mpaka pembeni na ule hata nukta. Nikauliza madereva wenzangu wanne wenye watoto wadogo waangalie vyao, watatu vyeupe, wa nne kitabu chake kilikuwa kimeliwa na mchwa.

Aliyetuelekeza ni yule mama wa CHP, mhudumu wa afya wa mtaani, hawa wanaozunguka na mabegi tangu serikali iwagawie 2023. Alikuja kuuliza mambo ya choo na maji, akamuona binti yetu amekaa anacheza, akamwita, mtoto hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Hakusema kitu kibaya, alisema tu "baba, Jumatano mpeleke kwa sista fulani, mwambie nimewatuma mie, na nenda na kitabu".

Haya, Jumatano. Nilikwenda mie kwa sababu mamake hana ruhusa katikati ya wiki. Nikafika saa moja na robo nikijua nimewahi, kumbe tayari ni namba kumi na moja, namba zenyewe ni vipande vya katoni vilivyoandikwa kwa kalamu nene, ukitoka unarudisha. Benchi mbili na wanawake thelathini na mie. Wakinitazama kama nimekuja kukusanya kodi. Bibi mmoja akaniuliza "mamake yuko wapi, amekufa?" Nikamwambia yuko kazini bi mkubwa, akasema "haya mwanangu, keti basi" akanisogezea nafasi, na kutoka hapo alinipa habari za kila mtoto wa foleni. Yeye alikuja na mjukuu mwembamba ambaye nyumbani washaamua ni chirwa, ule ugonjwa wanaosema unaletwa na mzazi kutoka nje ya ndoa, na baba na mama wa mtoto washanuniana kila mmoja akimshuku mwenzake. Sista alimpima mkono kwa ule utepe wa rangi, akamwambia bibi huyu ni njaa ya mwili, chakula hakimtoshi, na mtoto asiposhiba hata kucheza anaacha na kujifunza kunachelewa, msivunje nyumba ya watu. Akamuandikia dawa lishe papo hapo. Bibi alitoka mbio kama ana miaka ishirini.

Sista mwenyewe ni mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, anakaa chini. Hilo ndo la kwanza nililoliona, kiti kipo na hakalii, amekaa mkekani na mtoto. Ana kikapu cha ukili na ndani kuna vikombe vya plastiki, vibiriti vitupu, vifuniko vya soda vimetungwa uzi, njuga, mdoli wa kitambaa, mpira wa soksi, kijitabu cha picha kimechanika, na tambi mbichi kwenye kopo. Nilidhani ni vya kumtulizia mtoto ili apimwe. Kumbe kupimwa ndo huko. Anamuwekea mtoto vibiriti aone kama atapandisha kimoja juu ya kingine na vingapi. Anamtupia kipande cha tambi aone anaokota kwa vidole viwili ama anakusanya kwa kiganja. Anampa kikombe na mdoli bila kusema kitu, anangoja, mtoto akimnywesha mdoli anatabasamu na kuandika. Binti yangu alimnywesha mdoli, alafu akamnywesha sista, alafu akaninywesha mie chai ya hewa, nikajisikia fahari sijui kwa nini.

Huku anacheza naye ananiuliza mie. Alilia alipozaliwa ama alikawia? Alipata manjano? Alishawahi kushikwa na degedege? Mimba ilifika miezi mingapi? Hili la mimba nilikuwa sijui lina maana gani mpaka akaja mama wa nyuma yangu, mtoto wa miezi kumi hajakaa vizuri mwenyewe na jamaa wanamsema, sista akauliza akaambiwa alizaliwa miezi miwili kabla. Akahesabu kwa vidole mbele ya kila mtu, "basi toa miwili, huyu tunamhesabu ana minane, mpaka afike miaka miwili tutamhesabu hivo". Mama yule aliinua mabega kama mtu aliyetuliwa gunia.

Alafu akaniuliza "masikio yashawahi kutoa usaha?" Nikasema ndio, mara tatu nne, tunamtia mafuta ya nazi ya vuguvugu yanakauka. Hapo akaacha kucheza akanitazama juu ya miwani. Hakunigombeza lakini nilitamani anigombeze.

Swali lililoniua ni la kidole. "Akitaka kitu anafanyaje?" Ananivuta mkono. "Anaonyesha kwa kidole?" Nikafikiri, nikasema ndio, anaonyesha maji, anaonyesha embe. "Na akiona kitu cha kumfurahisha, hakitaki, amekiona tu, anakuonyesha na wewe ukione?" Mie sikujua kama kuna tofauti. Akanieleza, kuonyesha kwa kutaka ni kimoja, na kuonyesha ili mfurahi wawili ni kingine, na hicho cha pili anakitafuta sana kwa watoto wa umri huu, pamoja na kama mtoto anakutazama usoni na kufuata kidole chako wewe ukionyesha kitu cha mbali. Nikamwambia huyu ndege haimpiti. Wenyeji mnajua ndege za kutua hapa zinavyopita chini, binti yangu akiiona ndege anaruka ananionyesha mpaka ipotee. Sista akasema vizuri sana, alafu akauliza, pole pole, "anaiona kwanza ama anaisikia kwanza?"

Nikanyamaza. Manake wale watoto wa jirani wakisikia ule mvumo wanatoka nje mbio kabla ndege haijatokea. Wa kwangu anatoka akiwaona wenzake wanakimbia. Miezi na miezi nimekaa na hiyo habari machoni kwangu na sikuijua kuwa ni habari.

Sa kusikia hakuweza kumuangalia mle ndani, na hapa naondoa nusu nyota, ukuta wa pili ni mashine ya kusaga unga na inaanza saa mbili kamili, hata wewe mwenye masikio mazima husikii mtu. Alitutoa nje nyuma chini ya mwarobaini, mie nikamshikisha mtoto mpira, yeye akazunguka nyuma akapiga njuga kidogo kidogo, kulia, kushoto, akaita jina kwa kunong'ona. Mara nyingine aligeuka, mara nyingi hakugeuka. Akipiga kwa nguvu anageuka.

Nikamuuliza moja kwa moja, sista, mtoto wangu kiziwi? Jibu lake naliandika kama alivyolisema: "Mie hapa ni kifumbu baba. Nachuja tu. Kinachobaki kwa kifumbu kinapelekwa mbele kikaangaliwe vizuri, na sio kila kinachobaki ni chicha." Yaani watu wanadhani ukitumwa mbele mtoto ashahukumiwa. Hapana, kuna wanaotumwa na wakaonekana wazima, na kuna wanaopita leo mwaka ujao wakakwama, ndo maana haimalizi mara moja, inarudiwa. Na kuhusu Kitaliano akacheka mpaka miwani ikamtoka. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto, alisema, hesabuni maneno yake yote ya lugha zote pamoja, na hawe aendelee na Kigiriama chake. Kilimi tukiache mahali pake, mtoto haongei kwa kilimi.

Kwa jumla alikaa na sisi dakika ishirini na tano hivi. Akajaza ule ukurasa mweupe, akaandika barua ya kutupeleka hospitali masikio yapimwe kwa mashine, akanirudisha baada ya mwezi.

Kitu kimoja kilichonifungua macho ni habari ya miaka yenyewe. Chanjo ya miezi 9 ikishapita watu wengi hatuonekani mpaka 18, na 18 ikipita kitabu kinalala chini ya godoro moja kwa moja mpaka mtoto aingie shule. Na hapo katikati ndo maneno yanapotakiwa kutokea. Shemeji yangu, dadake mama watoto, yuko Marekani, anasema kule chama cha madaktari wa watoto kinataka mtoto aangaliwe ukuaji wake kila akifika, na juu ya hapo apewe maswali rasmi akiwa na miezi 9, 18 na 30, na ya usonji peke yake miezi 18 na 24. Yeye alijaza fomu kabla hajamuona daktari, inaitwa ASQ, na majibu yake ni matatu tu, ndio, mara nyingine, bado. Ndio ni pointi 10, mara nyingine 5, bado sufuri, wanajumlisha wanaona mtoto kaangukia wapi. Nilipenda hapo kwamba hakuna hapana, kuna bado.

Lakini alitusomea maswali mengine kwa simu tukacheka wote, ati anapanda ngazi akishikwa mkono? Ngazi gani, nyumba yetu kitu cha juu kabisa ni kizingiti. Sa mtoto akipata sufuri hapo utasema miguu yake mibovu? Binamu yangu alishawahi kufanya kazi ya kuzunguka vijijini na watafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome Trust, hawa walio Kilifi tangu 1989, akaniambia hilo tatizo wao walishaliona zamani na ndo maana kikatengenezwa kipimo cha kwetu kabisa, Kilifi Developmental Inventory, Profesa Amina Abubakar na wenzake, matokeo yake yalichapishwa 2008, cha watoto wa miezi 6 mpaka 35, kwa vitu ambavyo mtoto wa huku anavijua. Yaani jina la kaunti yetu liko kwa vitabu vya madaktari na sisi tunafungua kitabu cha kliniki ukurasa mweupe. Sijui nicheke ama nilie.

Turudi zahanati. Jumatano ya pili niliyokwenda nilishuhudia mambo mawili. Mama mmoja kijana na mtoto wa miezi kumi na minne hatembei, na alishaambiwa amfukie mchangani pwani mpaka kiunoni miguu ikaze. Sista akamuangalia anavyosimama akishika benchi, anavyopiga hatua za pembeni, miguu yote miwili sawa, akamwambia huyu yuko njiani. Akamueleza kuwa Shirika la Afya Duniani lilifuata watoto wazima wa nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaona wengine wanaanza kutembea wenyewe na miezi 8 na wengine mpaka karibu miezi 18 na wote wazima. Wengine hata hawakutambaa kwa mikono na magoti, asilimia 4 hivi, walinyanyuka tu. Ila akifika 18 hajatembea urudi hapa mbio, hakuna kungoja. Mama akauliza na mchanga? "Mchanga mpeleke akacheze."

La pili halikuwa la kucheka. Baba na mama wamekuja na kijana wa karibu miaka miwili ambaye alikuwa anasema mama, maji, paka, na polepole ameacha, na kuitika jina ameacha. Sista aliposikia hilo neno ameacha alisimamisha foleni. Hakuna aliyelalamika. Alituambia baadae sote pale benchini, mtoto kuchelewa ni kitu kimoja, mtoto kupoteza alichokuwa anakijua ni kingine, na hicho cha pili umri wowote ni siku hiyo hiyo. Aliwapigia simu hospitali yeye mwenyewe na wakaondoka na tuktuk yangu, sikuwatoza.

Sasa mabaya, manake nimesema nyota nne sio tano.

Ni Jumatano tu na ni yeye tu. Akienda semina hakuna kliniki, unafika unakuta manesi wawili vijana wanachoma sindano watoto hamsini, ukiwauliza habari ya vikombe wanakuonyesha kikapu kimetundikwa ukutani. Na siwalaumu sana, hata yule wa "kilo zake nzuri" hasira zangu zimepungua nilipokaa benchini nikahesabu vichwa. Dakika ishirini na tano mara watoto hamsini, piga hesabu mwenyewe. Lakini swali la kidole linachukua dakika ngapi?

Kubwa zaidi ni kinachofuata baada ya barua. Zahanati inachuja vizuri, alafu unatoka nje na barua yako unakuta hakuna sufuria. Hospitali tuliyotumwa tulingoja wiki tatu, siku ilipofika mashine ya masikio imeharibika, rudini mwezi ujao, mwezi ujao mwenye kuiendesha yuko likizo. Mwisho tulipanda matatu mpaka Mombasa, kilomita mia na ishirini na mtoto anatapika tangu Gede, tukalipa wenyewe mahali pa binafsi. Kule ilichukua nusu saa. Wanamuwekea kitu kidogo sikioni kinapuliza hewa, mchoro unatoka kwa karatasi. Maji nyuma ya kiwambo cha sikio, pande zote mbili. Sio usaha wa kuonekana, maji yametulia tu mle ndani, mtoto anatusikia kama mtu aliyezama beseni la maji. Daktari akasema wengi yanakauka yenyewe, tungoje miezi mitatu tupime tena, na wakati huo tukiongea naye tumkaribie, tumtazame usoni, tuzime redio. Na mafuta ya nazi ni ya samaki.

Kuna jingine, sista hana njia ya kujua nini kilitokea kwa wale aliowatuma. Hakuna aliyetupigia simu. Mie nilirudi na majibu ya Mombasa kwa hiari yangu, akayanakili kwenye daftari lake la shule la mistari, na nikaona kurasa za nyuma majina mengi, mbele ya jina pako wazi. Wengi hawakurudi, na hajui kama walipona, walikata tamaa ama nauli iliisha. Mwengine aliyekuwa pale aliambiwa aende EARC, ile ofisi ya elimu inayowaangalia watoto wenye ulemavu kabla ya shule, ipo Kenya tangu 1984, na alikuwa hajawahi kuisikia, na mie pia.

Gharama: zahanati bure kabisa, hata kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hakuniuliza. Fotokopi ya barua shilingi kumi. Benchi ngumu. Choo kisafi lakini ufunguo uko kwa askari na askari haonekani. Mie nilikosa kazi ya asubuhi mara tatu, na Mombasa sitaki kuikumbuka.

Binti yetu sasa ana miaka miwili na mwezi. Tulipima tena, kulia maji yamekauka, kushoto bado. Maneno yamefika kama kumi na tano, mamake anayaandika ukutani kwa penseli, manne ni ya hawe na moja ni "chao" ambalo sikubali kulihesabu lakini sista alisema lugha zote. Bado yuko nyuma ya wenzake na sista hafichi hilo, tunaendelea kwenda. Ile "ba" kumbe ilikuwa bajia.

Ukienda, nenda kabla ya saa moja, beba kitabu hata kama kimeliwa na mchwa, beba kikombe cha mtoto mwenyewe manake wengine hawashiki cha mgeni, na umlishe kwanza, mwenye njaa hachezi na vibiriti. Ukae ufikirie njiani mtoto wako akitaka kitu anafanyaje. Wanaume njooni, yule bibi atawapisha benchi. Jumatano ijayo msiende, sista ana semina Kilifi, nendeni ile ya pili yake.